Kabla ya kuomba maiki, ijue meza

Wiki iliyopita nilipokea barua ya kuteuliwa kwenye baraza la ushauri la tume ya usafiri ya kaunti ninayoishi, hapa California. Ni kipindi cha miaka mitatu. Niliisoma barua mara tatu nimesimama jikoni kabla sijamwonyesha mke wangu, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka. Tangu niwaambie, wengi mmeniandikia mkiuliza nimefikaje. Nimefika kwa kushindwa, tena mbele za watu.

Miaka miwili iliyopita nilimsindikiza bibi mmoja wa kanisani kwetu, mtu wa Uvira, kwenda kuzungumza kwenye kikao cha tume. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Jumamosi zamu yake ni saa kumi na moja alfajiri. Basi la kwanza la Jumamosi linapita mtaani kwake saa moja na nusu. Kiingereza hakijui, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Yeye sentensi moja, mimi sentensi moja. Mbele yetu taa ndogo ya kijani ikawa ya njano, kisha nyekundu, na yeye alikuwa bado anaeleza anakoishi. Mwenyekiti akamshukuru na kumwambia muda umekwisha. Bibi hakuelewa. Alitoa karatasi ya miadi ya hospitali kwenye mkoba wake, akaikunjua taratibu, akainyanyua juu waione. Karani akaita jina linalofuata. “Mtoto wangu, wanasema nini?” akaniuliza. Nilimshika mkono tukatoka. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Hasira ile ndiyo iliyonisomesha. Nilichogundua ni kwamba nilimpeleka mtu mzima vitani bila kuijua ile meza.

Nilikuwa nadhani tume ni ofisi ya wataalamu wa barabara. Kumbe wataalamu ni waajiriwa tu. Wenye kura, wengi wao, ni watu waliochaguliwa kwingine. Kaunti ya Riverside, kwa mfano, tume yao ina wasimamizi wote watano wa kaunti, ambao huchaguliwa na wananchi, mjumbe mmoja kutoka kila mji kati ya miji 28, na mmoja anayeteuliwa na gavana ambaye hapigi kura. Jumla 34. Ventura wana wasimamizi watano, wajumbe kumi wa miji yao kumi, na wananchi wawili wa kawaida. Maana yake ni kwamba meya au diwani unayekutana naye sokoni huenda ndiye mwenye kura kule juu. Mimi sikuwa nimemtafuta hata mmoja. Nilitegemea zile dakika tatu anazopewa kila mzungumzaji zifanye kazi ya miezi sita.

Halafu basi lenyewe. Tume kazi yake kubwa ni kupanga na kugawa fedha. Mabasi mara nyingi yanaendeshwa na shirika jingine lenye bodi yake. Los Angeles wako tofauti, kwa sababu mwaka 1993 tume yao iliunganishwa na shirika la mabasi ikawa mamlaka moja. Kwa hiyo uliza kwanza: anayegawa fedha ni nani, na anayepanga ratiba ni nani?

Na ajenda. Ipo sheria ya jimbo ya mwaka 1953, inaitwa Brown Act, inayotaka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla. Jambo lisilokuwamo, kwa kawaida haliwezi kuamuliwa siku hiyo. Hata makamishna wote wangelia na bibi, kura wasingepiga.

Lakini linaloniuma mpaka leo ni jingine. Tangu mabadiliko ya sheria hiyo yaliyopitishwa 2016, mtu anayezungumza kupitia mkalimani anastahili angalau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa kama kuna mitambo ya kutafsiri papo kwa papo. Mitambo haikuwapo. Haki ya bibi ilikuwa dakika sita, si tatu. Pale ndani hakuna aliyelitamka hilo, na mimi niliyekuwa mdomo wake sikulijua.

Mlango uliotufaa ulikuwa mwingine kabisa. Tangu 1971 California ina sheria inayotenga robo senti ya kodi ya mauzo kwa kila dola kwa ajili ya usafiri. Kaunti ikitaka kupeleka sehemu ya fedha hizo kwenye barabara za mitaa, lazima kwanza iitishe kikao cha hadhara kusikiliza mahitaji ya usafiri yasiyotimizwa. Yakionekana yapo na yanatimizika, hayo hulipiwa kwanza. Sasa, “yanatimizika” maana yake kila tume huiandika yenyewe. Itafute hiyo maana, uisome, kisha uandike hoja yako kwa maneno yao. Baraza nililoingia ndilo linaloshauri juu ya mahitaji hayo. Sheria inataka ndani yake awemo abiria mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, abiria mwenye ulemavu, na wanaohudumia wazee, walemavu na watu wa kipato kidogo. Nafasi hiyo ya mwisho ndiyo yangu, kwa sababu ya kazi yangu na wakimbizi.

Ndugu zangu, najua mnaonisoma mnataka kuketi kwenye meza hizi, si kupunga mkono kwa mbali. Basi acheni kumaliza maneno WhatsApp. Someni ajenda. Mjueni diwani wenu kwa jina. Someni ajenda tena. Mzee akikuomba umtafsirie, usikubali mpaka umejua haki zake zote, maana ukikosea wewe anaumia yeye.

Basi la Jumamosi bado halijabadilishwa. Tunapokezana kumpeleka bibi kwa gari, wiki hii ni zamu yangu. Kikao cha mahitaji kitakapotangazwa atazungumza mwenyewe. Tumeanza mazoezi sebuleni kwake, simu yangu mezani ikihesabu dakika, na juzi alimaliza kwa dakika tano na nusu.