Muulize Mhandisi: Mshauri wa setilaiti alipwe kwa kazi gani?

*Shikamoo Mhandisi. Sisi ni vijana wawili wa Kisauni, tumesomea elektroniki. Tunataka kurusha setilaiti yetu ndogo, tuwauzie wakulima wa chai na miwa picha za mashamba. Kampuni moja ya ushauri ya ng'ambo inatudai dola 18,000 ituandalie "utafiti wa soko" kabla ya lolote. Mjomba yuko tayari kutukopesha. Tulipe?*

Marahaba, wanangu. Msilipe. Nasema hivyo ilhali mimi mwenyewe nakula kwa kazi ya ushauri, kwa hiyo nisikilizeni.

Utafiti huo naujua utakavyokuwa hata kabla haujachapwa. Kurasa mia na ushei, grafu za rangirangi, takwimu za soko la dunia nzima za aina ile ambayo kampuni za ushauri kama Novaspace wa Ulaya na BryceTech wa Marekani huzitoa kila mwaka, kisha aya mbili kuhusu Kenya. Hamtakuta popote meneja wa miwa wa Mumias yuko tayari kulipa shilingi ngapi kwa ekari. Hilo mtalijua kwa kupanda basi mkamwulize.

Anzeni na picha za bure. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hurudi juu ya shamba lile lile kila baada ya siku 5 hivi, na nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10. Za Landsat za Marekani ni bure tangu 2008. Pakueni, pigeni hesabu ya afya ya majani, mwonyesheni mkulima kipande cha shamba kinachonyauka ambacho yeye hajakifikia kwa miguu. Asipolipia hiyo, hata ya setilaiti yenu hatailipia. Akilipa, kisha akaanza kulalamika kwamba siku 5 ni nyingi au nukta ni kubwa mno, hapo mna sababu ya kurusha chombo. Chai ndiyo inayonitia wasiwasi: Kericho mawingu hayakauki, na kamera ya kawaida haipenyi wingu. Itabidi mjifunze kusoma picha za rada za Sentinel-1, nazo ni bure vilevile.

Wala bei ya nafasi kwenye roketi haihitaji mtaalamu. Agosti 2019 kampuni ya roketi ya SpaceX ya Marekani walitangaza hadharani dola milioni 2.25 kwa mzigo wa kilo 150, na kabla mwezi haujaisha wakashusha hadi milioni 1 kwa kilo 200. Setilaiti yetu ya Kenya, Taifa-1, ilipanda roketi yao ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Aprili 2023, ikiwa abiria mmoja kati ya wengi. Nayo iliundwa na wahandisi Wakenya wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria, EnduroSat. Mtu akiwauzia habari hizo kama siri, mshukuruni kwa chai yake muondoke.

Sasa, mshauri mzuri yupo, na siku yenu ikifika mtamhitaji sana. Kazi yake ni makaratasi. Masafa ya redio ya setilaiti hamwendi kuyaomba wenyewe ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kule Geneva. Maombi hupitia Mamlaka ya Mawasiliano, na serikali ndiyo huyapeleka. Fomu zile zinataka mtu aliyewahi kuzijaza, maana zikikosewa hurudishwa, na roketi haiwasubiri. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 nao, kifungu cha 6, unaibebesha serikali dhamana ya kila chombo cha kampuni binafsi ya nchi yake, kwa hiyo lazima iwape idhini na iendelee kuwasimamia.

Halafu kuna fidia. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilidondoka kijijini Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Chombo kikiangukia watu, mkataba wa 1972 unaitaka nchi iliyokirusha ilipe bila hata kuthibitishwa uzembe. Setilaiti yenu ndogo itaungua angani kabla ya kufika chini, lakini msishangae mkiulizwa habari ya bima. Mshauri anayeweza kukaa na wakala wa bima na ofisa wa serikali meza moja, akawatafsiria lugha zao, huyo anastahili pesa ya mjomba.

Mlipeni kwa mafungu: hili fomu zikipokelewa, lile barua ya idhini ikitoka. Na mwulizeni kwa maandishi kama anapata kamisheni kutoka kwa wanaouza nafasi za roketi. Wengi wanapata, na si wote wanaosema.

*Mhandisi, salamu kutoka Gongoni. Dalali ananiuzia ploti upande wa Ngomeni. Anasema roketi zinarudi, bei itapanda mara kumi, na ana ripoti ya mshauri. Nami nimestaafu juzi tu, kiinua mgongo kipo benki.*

Shikamoo mzee wangu. Historia dalali hakudanganya. Kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini, Waitaliano walirusha roketi 9 za kupeleka setilaiti kati ya 1967 na 1988. Ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ilibeba setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza nyota, ikaitwa Uhuru kwa sababu ya sikukuu yetu. Kituo chao cha nchi kavu kipo hadi leo, kinawasiliana na setilaiti.

Ila ripoti hiyo ikisema "ikweta" kila ukurasa, iulize roketi zenyewe zitaelekea upande gani. Dunia kwenye ikweta huzunguka kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayokwenda mashariki huipata kasi hiyo bure. Setilaiti nyingi za kupiga picha hupita kaskazini na kusini, juu ya ncha za dunia, na kwa hizo ikweta haiongezi kitu. Wateja wa Ngomeni wangekuwa wachache kuliko dalali anavyodhani.

Halafu jukwaa lilikuwa baharini ili roketi ziwe mbali na nyumba za watu. Hata zikirudi, jirani wa roketi huhamishwa siku ya kurusha, hajengi hoteli. Nenda ofisi ya ardhi Kilifi ukapekue hati kwanza. Ikiwa safi, na bei ni ile ile wanayouziana wavuvi na watu wa chumvi hapo Gongoni, nunua. Ya roketi usilipe hata shilingi.