Muulize Mwalimu: Waliingia wangapi?

Shikamoo Mwalimu. Shule yetu ya kata hapa Urambo imetoa daraja la kwanza wawili tu kwenye mtihani wa kidato cha nne. Nimhamishie mwanangu Tabora mjini?

Marahaba, mama. Subiri kwanza. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti ya baraza hilo. Yafungue, uhesabu na waliopata daraja sifuri. Kisha nenda kwa mkuu wa shule umuulize jambo ambalo tovuti haisemi: watoto hawa walipoingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi? Tuseme waliingia 160, mtihani wakaufanya 70, wote wakafaulu. Watu watashangilia. Mimi nitauliza wale 90 wako wapi.

Ada imefutwa, mbona kidato cha nne madawati yanabaki matupu?

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016, ya cha tano na sita ikafuata 2022. Wakaja wengi, na ni jambo jema. Ila ada haikuwa kikwazo pekee.

Hapa kwetu kuna tumbaku. Shule zinafunguliwa Januari, na kipindi hichohicho majani yanachumwa. Nimefundisha kidato cha kwanza miaka mingi, na nilikuwa najua nyumba iliyoanza kuchuma kwa kutazama viganja vya mtoto: ile gundi nyeusi haitoki kwa sabuni, inabaki mpaka kwenye kurasa za daftari. Jumatatu anakuja. Jumatano hayupo, amekesha banini, banda la kukaushia tumbaku, akichochea moto. Akirudi anakuta hesabu zimeshasonga mada mbili, anaona aibu kuuliza. Hakuna aliyemfukuza, siku moja tu haji tena. Wazazi wenzangu, Jumamosi ipo. Katikati ya wiki mwacheni asome.

Wengine wanatoka vijiji vya mbali, wanapanga geto karibu na shule, wanajipikia na kujilinda wenyewe wakiwa na miaka kumi na minne. Kabla ya kijiji kuchangia jengo jingine, nawaomba mfikirie hosteli.

Kijana wangu amepata daraja la nne, pointi 28. Ataenda kidato cha tano?

Kwa matokeo hayo, hapana. Zinatakiwa C tatu au zaidi, na pointi zisizidi 25, maana pointi chache ndizo bora. Anaweza kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea, au aende chuo cha ufundi cha VETA akapate ufundi. Lakini usimwite aliyefeli mbele ya wadogo zake.

Binti yangu alijifungua akiwa kidato cha tatu. Nimeambiwa shuleni hakuna nafasi.

Pole, mzazi mwenzangu. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliojifungua warudi kwenye shule za kawaida. Hilo jibu la mdomo usilikubali. Mwandikie barua afisa elimu sekondari wa wilaya, ubaki na nakala. Mtoto mchanga mtafutieni bibi au shangazi wa kukaa naye asubuhi. Na siku binti anarudi darasani, msindikize mpaka mlangoni.