Kuwapiga picha wadudu wa uani, na dawa za ukoka zinavyowamaliza

Anayetaka kupiga picha za wadudu hapa Malindi hahitaji kwenda mpaka msitu wa Arabuko-Sokoke. Ua wa nyumba unatosha, maadamu haujanyunyiziwa dawa. Mimi hutumia simu yenye lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera, na hutoka jua linapochomoza, wadudu wengi wakiwa bado wametulia. Msimu wa kusi upepo husumbua kuliko upungufu wa mwangaza, kwa hiyo jikinge nyuma ya ukuta, lenga jicho la mdudu, na umpige kwa ubavu ili mwili mzima uonekane bila ukungu.

Anza na mdimu. Kwenye majani yake machanga utamkuta kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, ambaye akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, akikua hugeuka kijani, na akiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Kisha tafuta mwembe au mnazi wenye chungu waitwao majimoto, uwatazame wakishona majani kwa nyuzi zitokazo kwa mabuu wao. Watu huwachukia kwa kuwa wanauma, nami siwalaumu, lakini chungu hao huwafukuza kunguni wanaofyonza nazi changa hadi zikapukutika, na mwenye shamba anayewaua hujiondolea walinzi wasiodai mshahara.

Linalonihuzunisha ni bustani za ukoka. Dawa ya magugu kama 2,4-D huua mimea yenye majani mapana na kuuacha ukoka, na kwa hiyo vile vijiua vidogo vinavyowalisha nyuki na vipepeo hutoweka, ingawa bustani yaonekana imenawiri. Picha nilizopiga kando ya uwanja wa jirani kabla na baada ya kunyunyizia zinaonyesha hivyo waziwazi: mwanzoni nyuki na nzi wa maua, baadaye majani matupu. Imidaklopridi, inayouzwa kuua mchwa na vidukari, ni mbaya zaidi kwa kuwa hunyonywa na mizizi ikafika hadi kwenye chavua na nekta. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliizuia isitumike nje ya mabanda ya vioo. Hata ndege aitwaye chozi, ingawa hunywa nekta, huwalisha makinda wake wadudu, kwa hiyo wadudu wakiisha naye huumia.

Nakushauri usome jina la kiambato kwenye kibandiko kabla ya kununua, ung'oe magugu kwa mkono au jembe, na uache ukanda mmoja kando ya ukuta usiofyekwa. Piga picha ukanda huo mara kwa mara, ukisimama mahali pale pale na kuandika tarehe, ili uwe na cha kumwonyesha mtunza bustani. Ikiwa ni lazima unyunyizie, subiri jioni nyuki warudi mzingani, usiguse maua, na ukae mbali na kisima, hasa masika yanapokaribia, kwa sababu mchanga wetu hupitisha maji upesi.