Kibo au Uhuru? Kilele cha Kilimanjaro na Majina Yake

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida. Katika jaribio la mwezi uliopita niliwataka wanafunzi wangu wataje kilele kilicho juu kuliko vyote nchini Tanzania. Mmoja aliandika "Kibo", nami nikamkosesha kwa kuwa jibu nililokuwa nalo lilikuwa "Uhuru". Kesho yake mzazi wake alinijia na kitabu cha zamani cha jiografia kinachosema wazi kwamba kilele cha Kilimanjaro ni Kibo, chenye kimo cha mita 5,895. Ni yupi kati yetu aliye sahihi? Tena, nimesikia kimo cha mita 5,892 kikitajwa. Je, mlima umepungua kwa sababu theluji inayeyuka?

Mwalimu, Singida

JIBU

Mwalimu, tunakushukuru kwa kutouacha ubishi huo uishie mlangoni mwa darasa. Mwanafunzi wako hakukosea, na jibu ulilokuwa nalo pia ni sahihi. Lililowagonganisha ni neno "kilele", ambalo kwa mlima huu limezoeleka kutumiwa kwa vitu viwili tofauti.

Kilimanjaro ni mlima wa volkano uliojengeka kwa matundu matatu makubwa yaliyotoa moto kwa nyakati mbalimbali, na kila moja likaacha kichuguu chake: Shira upande wa magharibi, ambao umemomonyoka ukabaki kama uwanda, Mawenzi upande wa mashariki, wenye majabali yaliyochongoka, na Kibo katikati, ulio mkubwa kuliko yote. Vitabu vyetu vya shule huviita hivyo vitatu "vilele vya Kilimanjaro", na kwa maana hiyo Kibo ndicho kilele kirefu.

Lakini Kibo haikuchongoka kama ncha ya mkuki. Juu yake pana kasoko pana, yaani shimo kubwa la volkano, na anayepanda kwa njia ya Marangu hufika kwanza ukingoni mwa kasoko hiyo, mahali paitwapo Gilman, akiwa amepanda usiku kucha kwenye changarawe inayoteleza chini ya miguu. Hapo amekwisha kufika juu ya Kibo, hilo halina ubishi, ila mahali pa juu kabisa hajapafikia. Inambidi aufuate ukingo huo, apite mahali paitwapo Stella, aendelee kupanda polepole mpaka upande wa kusini wa kasoko, penye kibao kilichoandikwa mita 5,895. Hapo ndipo Uhuru. Hata vyeti wanavyopewa wapandaji huzingatia tofauti hiyo, kwani cha aliyeishia Gilman si sawa na cha aliyefika Uhuru. Kwa hiyo Uhuru si mpinzani wa Kibo. Ni sehemu ya Kibo, kama utosi ulivyo sehemu ya kichwa.

Mawenzi nayo ina mpangilio huohuo. Ncha yake ya juu, yenye mita 5,149, huitwa Hans Meyer, ingawa Meyer mwenyewe alijaribu kuipanda akashindwa, na waliofika wa kwanza ni Eduard Oehler na Fritz Klute mwaka 1912.

Huyo Meyer ndiye anayetufikisha kwenye historia ya jina. Kibo ni jina la Wachagga, wanaoishi miteremkoni, ambao waliita Kibo na Mawenzi kila kimoja kwa jina lake. Kilimanjaro ndilo jina lililotumiwa na watu wa pwani, na mmisionari Krapf aliliandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1860, akieleza kwamba Wachagga wenyewe husema Kibo. Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer, Mjerumani, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kwenye ncha ya juu ya ukingo, na Meyer akaipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Jina hilo liliendelea kuandikwa kwenye ramani hata Waingereza walipokuwa wakiitawala Tanganyika. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliisimika juu ya Kibo bendera ya taifa jipya na kuwasha mwenge, na baada ya uhuru ncha ile ikaacha kuitwa kwa jina la Kaiser. Angalia, basi, ni kipi kilichobadilishwa: ni jina la ncha peke yake. Kibo haikuguswa, kwa sababu halikuwa jina la mtawala yeyote. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba "Kibo ni jina la zamani na Uhuru ni jina jipya", kana kwamba moja limechukua nafasi ya jingine.

Kuhusu kimo, mita 5,895 zilitokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952, na ndizo zinazotumika rasmi hadi leo. Upimaji wa mwaka 1999, uliotumia setilaiti, ulipata mita 5,892, na wa mwaka 2008 ukapata 5,891. Theluji haihusiki. Pale Uhuru mtu hasimami juu ya barafu, bali juu ya ardhi ya mawe na changarawe, na barafu iliyo jirani hata ikiisha yote, mahali pale hapatashuka. Kinachotofautiana ni vyombo, pamoja na namna ya kukadiria usawa wa bahari chini ya mlima ulio mbali na pwani. Darasani tumia 5,895, na mwanafunzi akikuuliza kuhusu 5,892, mwambie ilipimwa mwaka gani na kwa njia ipi.

Mtoto yule mrudishie alama yake, kwa kuwa kwa lugha ya vitabu alivyosomea alijibu ipasavyo. Jaribio lijalo uliza hivi: "Taja mahali palipo juu kuliko pote nchini Tanzania, na utaje ni katika kilele kipi kati ya vitatu vya Kilimanjaro." Atakayeandika Uhuru, katika Kibo, mpe zote mbili.