Je, hela ya jiji ya sanaa inaweza kulipia elimu kwenye makumbusho yetu?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Sisi ni asasi ndogo, tunaendesha makumbusho ya mji, jengo ni la halmashauri ila sisi ndo tunalisimamia kwa mkataba. Tunataka kuweka ukuta wa mozaiki (picha ya vipande vidogo vya vigae) unaoonyesha mto wetu kuanzia chanzo mpaka unapoingia ziwani, watoto wa shule waje waushike na wajifunze. Jiji limetangaza hela za sanaa ya hadharani, tukapeleka andiko lenye gharama za ukuta pamoja na mishahara ya walimu wawili wa kuongoza wanafunzi kwa miaka miwili. Afisa karudisha andiko, kasema elimu haiingii kwenye fungu hilo, halafu kauliza huo ukuta utakuwa mali ya nani na mtu asiye na tiketi atauona vipi. Ni kweli elimu haiingii? Na bajeti tuipangeje?

JIBU: Salama kabisa, na wazo lenu nimelipenda sana, msiliache kwa sababu ya andiko moja kurudishwa. Afisa yuko sahihi nusu. Mishahara ya walimu kweli haiingii, lakini elimu yenyewe inaingia vizuri tu, shida ni kwamba nyie mmeiweka pembeni ya ukuta badala ya kuiweka ndani ya ukuta. Nieleze kwa nini, maana ukishajua hela inatokea wapi, hayo maswali mengine ya afisa yanajijibu.

Miji mingi inapata hela ya sanaa kwa utaratibu wa asilimia, yaani jiji likijenga au kukarabati jengo lake, kipande cha gharama kinatengwa kwa ajili ya kazi ya sanaa. Kule Marekani, Philadelphia walipitisha hiyo sheria 1959, Seattle wakafuata 1973 kwa asilimia 1, Chicago 1978, New York 1982 asilimia 1, na Ufaransa walishaanza tangu 1951 kwenye majengo ya shule. Sasa angalia hapo, hiyo ni hela ya ujenzi. Na hela ya ujenzi mara nyingi jiji limeikopa, limeuza hatifungani, yaani hati za deni, na litalipa kidogokidogo labda miaka ishirini au zaidi, kwa hiyo sheria na wakopeshaji wanataka iende kwenye kitu kitakachodumu muda huo wote. Mshahara wa mwalimu ukishalipwa mwezi umeisha, hakuna kilichobaki cha kuonyesha, na mkaguzi wa hesabu akikuta jiji linalipa deni la miaka ishirini kwa kazi iliyokwisha mwaka wa pili hapo afisa wako ndo atakayeulizwa. Kwa hiyo hajakataa elimu, amekataa matumizi ya kawaida kulipwa kwa hela ya mtaji, yaani hiyo ya kujengea vitu vinavyodumu, na hata mngeandika "mishahara ya ulinzi" angewarudishia vilevile.

Sasa elimu iingieje ndani ya ukuta. Hapa naomba mkae na msanii mapema kabla hata ya kuandika andiko jipya, kwa sababu kila kitu ambacho ni sehemu ya kazi na kitabaki pale kinalipika. Maandishi yaliyochongwa kwenye vigae, majina ya samaki na mimea ya mto, maandishi ya nukta nundu kwa wasioona, sehemu za kugusa zilizowekwa kwenye kimo cha mtoto na siyo cha mtu mzima, alama za kina cha maji kwa vipimo halisi ili mwanafunzi aweze kuhesabu, hata benchi za kukalia darasa zima mbele ya ukuta kama msanii amezichora kama sehemu ya kazi yake. Vyote hivyo ni elimu na vyote ni mali inayodumu. Halafu kuna hatua ya utafiti, msanii akikaa na wavuvi, na mtaalamu wa maji, akifanya warsha na wanafunzi wachore mto wanavyouona wao, hiyo ni kazi ya usanifu na inaingia kwenye ada ya msanii bila ugomvi, mradi mkataba useme matokeo ya warsha yanaingia kwenye mchoro wa mwisho. Ukiiandika kama "semina kwa wanafunzi" itakatwa. Ukiiandika kama sehemu ya usanifu, na ikawa kweli ni sehemu ya usanifu, itapita. Nasisitiza iwe kweli, msiandike tu ili ipite.

Mfano ninaoupenda ni wa Detroit, mji wa viwanda vya magari kule Marekani. Mchoraji wa Mexico, Diego Rivera, alipopewa kazi ya kuchora kuta za ua wa makumbusho ya sanaa ya pale, makumbusho ambayo wakati huo yalikuwa mali ya jiji, hakuanza na brashi. Mwaka 1932 alitumia wiki nyingi viwandani akichora mashine na wafanyakazi, ndipo akapanda ukutani, na 1933 akamaliza michoro 27. Hela ilitoka kwa Edsel Ford, mkuu wa kampuni ya magari ya Ford, siyo kwenye kodi, ila tume ya sanaa ya jiji ndo iliyoagiza kazi. Mpaka leo mwalimu anaweza kumsimamisha mwanafunzi mbele ya ule ukuta akamfundisha jinsi injini inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, kwa sababu utafiti ulishaingia kwenye rangi.

Walimu wenu wawili watafutieni fungu lingine, na lipo. San Francisco tangu 1961 wanatumia kodi ya hoteli kusaidia asasi za sanaa kwenye uendeshaji wao. Eneo la Denver wananchi walipiga kura 1988 wakakubali asilimia 0.1 ya kodi ya mauzo iende kwa taasisi za utamaduni na sayansi, na hiyo inalipa uendeshaji. Tena Detroit hao hao, 2012 wapigakura wa kaunti tatu walikubali kodi ndogo ya majengo kwa ajili ya makumbusho, na wao wakapata kuingia bure pamoja na huduma kwa shule zao. Sisemi mji wenu una kodi kama hizo, nasema aina ya hela ndo ile, inayoingia kila mwaka na kutoka kila mwaka, kwa hiyo uliza fungu la ruzuku za uendeshaji, au idara ya elimu ya halmashauri. Kwenye andiko la sanaa muweke aya moja tu inayosema walimu watalipwa kutoka fungu fulani, na barua ya uthibitisho iambatanishwe. Hiyo aya inampa afisa amani kubwa kuliko mnavyodhani, maana anaona mmeshaelewa mipaka ya hela yake.

Swali la tiketi. Kama ukuta uko ndani baada ya mlango wa kulipia, kamati nyingi zitasema hiyo siyo sanaa ya hadharani, ni onyesho la makumbusho, na mimi nakubaliana nao kwa sababu aliyelipa kodi hatakiwi alipe mara ya pili kuona alichokilipia. Suluhisho rahisi ni kuuhamishia ukumbi wa kuingilia kabla ya kaunta, au ukuta wa nje unaotazama njia ya watu. Nje ina changamoto zake, jua, mvua, mikono ya watu usiku kucha, ila mozaiki inavumilia kuliko rangi. Kama lazima uwe ndani basi wekeni siku maalumu za kuingia bure na ziandikwe kwenye mkataba na jiji, siyo ahadi ya mdomo.

Umiliki ndo sehemu ambayo watu wanaipuuza halafu inakuja kuuma baadaye. Kwa hali yenu, jengo la halmashauri na hela ya halmashauri, ukuta uwe mali ya jiji na nyie muwe na makubaliano ya kuutunza na kuutumia. Lakini jueni mali ya jiji ni mali ya jiji kweli, nzuri na mbaya. Detroit ilipoomba kufilisika Julai 2013, wadai wakaanza kuulizia kazi za sanaa za makumbusho kwa sababu kisheria zilikuwa za jiji, na ziliokolewa 2014 kwa mpango ambao wahisani, serikali ya jimbo na makumbusho yenyewe waliahidi zaidi ya dola milioni 800, na mkusanyo ukahamishiwa kwa asasi inayoendesha makumbusho. Ukuta uliojengewa hauwezi kung'olewa ukauzwa kirahisi kama picha, ila jengo linaweza kuuzwa na ukuta ukiwa ndani yake. Kwa hiyo makubaliano yaseme jiji likitaka kuuza, kubomoa au kuhamisha, lazima liwape taarifa nyie na msanii miezi kadhaa kabla.

Na msanii naye ana haki zake hata akishalipwa. Marekani kuna sheria ya 1990 inayomlinda msanii kazi yake isiharibiwe hovyo, na kuna mwenye jengo kule New York aliyepaka rangi nyeupe juu ya kazi za wachoraji, mwaka 2018 mahakama ikaamuru walipwe dola milioni 6.7 na rufaa ikagonga mwamba. Sheria za kwenu zinaweza kutofautiana, muulizeni mwanasheria wa halmashauri. Kubwa kwenu ni hakimiliki, yaani haki ya kunakili na kuchapisha kazi, kwa kawaida inabaki kwa msanii, kwa hiyo ombeni kwa maandishi ruhusa ya kutumia picha za ukuta kwenye vitini vya wanafunzi, mabango na mtandaoni bila malipo ya ziada. Nimeona makumbusho yana kazi nzuri ukutani na hayaruhusiwi kuichapa kwenye karatasi ya mazoezi ya darasa la nne, na kwa mradi wa elimu hiyo ni hasara ya kuumiza.

Bajeti sasa. Mimi ada ya msanii huwa naiweka kati ya asilimia 15 na 20 ya jumla, na akiba ya dharura asilimia 10, hiyo akiba msikubali ipunguzwe mapema. Kinachosahaulika kila mara ni vitu visivyoonekana kwenye picha: mhandisi wa kukagua kama ukuta unabeba uzito, maandalizi ya plasta, kibali, bima wakati wa kazi, usafiri wa vigae, jukwaa la mafundi, taa, na mtaalamu wa uhifadhi apitie gundi na vigae kabla havijanunuliwa. Huyo wa mwisho ni saa chache tu za malipo na anaokoa mengi. Usafi na matengenezo ya miaka ijayo hayaingii hapa kwa sababu ile ile ya mishahara, yaingie kwenye bajeti yenu ya kila mwaka, japo muulizeni afisa kama jiji lina mfuko wa kutunza sanaa zake, maana kama ukuta ni wao na matengenezo makubwa ni yao.

Kabla hamjaandika upya, pitieni mpango wa ujenzi wa halmashauri wa miaka mitatu minne ijayo muone kama jengo lenu limepangiwa ukarabati, paa, umeme, chochote. Kama limo na mji wenu unafuata utaratibu wa asilimia, ulizeni kama ukarabati huo unahesabika, kwa sababu ukihesabika una hela yake ya sanaa inayotakiwa ikae hapo hapo na hamtashindana na mtu. Kama halimo, ndo mnabaki kwenye fungu la pamoja mlilotangaziwa. Vyovyote vile, barua ya kwanza iende kwa idara inayomiliki majengo kuomba idhini ya ukuta wenyewe, ikirudi imesainiwa muiambatanishe na mchoro wa awali wa msanii, ndipo muende tena kwa afisa wa sanaa.