Waziri anafanya nini kama Rais ndiye mwenye kauli ya mwisho?

Ndugu, umeuliza mawaziri wa nini ikiwa Rais ndiye anayeamua. Kwa Tanzania, kuhusu kauli ya mwisho uko sahihi: Ibara ya 37 ya Katiba inasema Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Baraza la Mawaziri linamshauri tu.

Lakini usiishie hapo. Sheria nyingi Bunge hupitisha mifupa, kisha kanuni zinatungwa na waziri. Tozo, masharti ya leseni, fomu unazojaza, mengi yanatoka kwenye saini yake, yakitangazwa katika Gazeti la Serikali. Hapo ndipo wananchi tunapaswa kukodoa macho, na hatukodoi.

Pia waziri ndiye anayesimama bungeni kutetea bajeti ya wizara. Mbunge asiyeridhika hushika shilingi kwenye mshahara wa waziri hadi apewe maelezo. Fedha zenyewe, hata hivyo, anazibeba Katibu Mkuu wa wizara kama afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi yake.

Wenzetu Kenya, kwa Katiba ya 2010, waziri hawezi kuwa mbunge, na lazima Bunge la Taifa limthibitishe. Hata hivyo Julai 2024 Rais Ruto aliwafuta kazi karibu wote kwa siku moja, akambakiza Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi. Mimi napendelea uthibitisho ule. Angalau mtu anahojiwa hadharani kabla ya kukabidhiwa wizara.