Binti anakimbia mita 1500: aendelee, au aache apige kitabu?

Dada wa Tukuyu, umeuliza kama binti yako wa kidato cha tatu aachane na mbio ili apate chuo kikuu, au mbio zenyewe zitamsaidia kuingia. Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari moja hapa Mbeya, timu za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari kitaifa, nimezisindikiza sana. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwa vyuo vyetu, mbio haziongezi hata pointi moja. TCU, tume ya vyuo vikuu, inataka prinsipo mbili (masomo mawili ya kidato cha sita uliyofaulu vizuri) zenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili, na kozi zenye ushindani zinadai zaidi. Medali haina pa kujazwa kwenye fomu. Niliwahi kuwa na golikipa wa timu ya mkoa, kijana hodari kweli, kidato cha sita akapata ziro. Jezi haikumsaidia kitu. Faida niliyoiona huku huja mapema: shule binafsi kadhaa humfutia ada mchezaji mzuri. Kwa mzazi anayelima viazi, si haba.

Marekani ni habari nyingine, kule kocha ana sauti kwenye udahili. Kesi ya udahili dhidi ya chuo kikuu cha Harvard ilifichua kwamba wanamichezo waliotakiwa na makocha walikubaliwa kwa asilimia 86, wakati kwa waombaji kwa jumla haifiki hata 10. Ila hao ni waliotakiwa na kocha, siyo kila aliyeandika kwamba anapenda michezo. Na Harvard, kama Ivy League yote (kundi lake la vyuo vinane vya kifahari), haitoi ufadhili wa michezo. Inaangalia kipato cha familia. Ufadhili wa michezo uko Division I na II, madaraja ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule; Division III haupo. Mkimbiaji wetu Suleiman Nyambui alikuwa timu ya chuo cha Texas kule El Paso, na mwaka 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow.

Kinachotukwamisha sisi ni muda wa mbio usioaminika. Tunakimbia kwenye nyasi, mistari ya chokaa, na saa ameshika mwalimu ambaye naye anashangilia. Kocha wa mbali ataaminije? Mtafutie mashindano rasmi ya riadha yenye saa za kielektroniki, matokeo yatunzwe, na video irekodiwe. Mwinuko pia utajwe. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, na 1500 ya huku si sawa na ya Tanga, usawa wa bahari; kocha anayeijua kazi yake ataelewa.

Darasani asilegee. NCAA inadai masomo ya msingi 16, na kwa Division I wastani wa alama usipungue 2.3 kati ya 4. Hesabu, Kiingereza na sayansi asivikwepe kwa kisingizio cha kambi.

Akija mtu anasema atamtafutia chuo ila umlipe kwanza, mfukuze. Barua pepe za makocha ziko wazi kwenye tovuti za vyuo. Binti aandike mwenyewe, aanze akiwa kidato cha nne, aweke muda wake, matokeo ya shule na video. Wengi hawatajibu, aendelee kuandika.